Kinjikitile Ngwale na Joka la Majini

Katika Maandiko Matakatifu twakuta viumbe ambavyo macho yetu hayajaviona. Wako makerubi waliowekwa kuilinda njia ya mti wa uzima. Wako maserafi wenye mabawa sita, ambao nabii Isaya aliwaona katika maono. Yuko Behemothi wa kitabu cha Ayubu, na yuko Lewiathani akaaye vilindini. Waelezaji wengi wamemdhani Behemothi kuwa ni kiboko, na Lewiathani kuwa ni mamba. Watu wa bonde la Kilombero hawana haja ya kuelezwa sana habari hizo, kwa maana viboko na mamba ni majirani zao tangu zamani, na mvuvi aliye katika mtumbwi aijua hofu ya maji yatikisikayo pasipo upepo. Lakini waelezaji wengine husema ya kuwa Lewiathani ni zaidi ya mamba, ni joka lenye nguvu zipitazo nguvu za wanyama. Basi mwezi huu twataka kueleza maisha ya mtu aliyesemekana kuchukuliwa na kiumbe cha majini, akarudi na neno lililowainua watu wa kabila nyingi, hata wa Ifakara na Mahenge. Jina lake ni Kinjikitile Ngwale.

Kinjikitile alikaa Ngarambe, karibu na vilima vya Umatumbi, upande wa kusini wa mto Rufiji. Alikuwa mtu mwenye wake na watoto, akiishi kama walivyoishi jirani zake. Nao jirani zake walikuwa katika taabu. Serikali ya Wadachi iliwatoza watu kodi ya rupia, na tangu mwaka 1902 gavana von Götzen aliamuru katika wilaya za pwani yalimwe mashamba ya pamba ya shirika, kila jumbe na shamba lake. Amri ilisema kila mtu afanye kazi siku 28 kwa mwaka, lakini siku zilizotakwa zilizidi hizo, na aliyechelewa alipigwa kiboko. Malipo yalikuwa machache hata wengine walikataa kuyapokea. Wakati huo mashamba yao wenyewe yaliharibiwa na nguruwe, na watoto walilala na njaa.

Katika mwaka 1904 likatokea jambo lililomfanya Kinjikitile kuwa mashuhuri. Wazee waliosimulia habari hizo baadaye walieleza ya kwamba asubuhi moja, kama saa tatu, alishikwa na pepo mbele ya watu. Akaanguka kifudifudi, akatambaa kwa tumbo huku mikono yake imenyoshwa mbele, akielekea katika ziwa dogo la maji. Wake zake na watoto wake walijaribu kumzuia, wasiweze. Akaingia majini, akatoweka. Walioweza kuogelea walipiga mbizi wamtafute, wasimwone, na ndugu zake wakakesha ukingoni. Hata siku ya pili yake, saa ile ile, akatoka majini mzima, na nguo zake zi kavu. Tangu hapo akaanza kunena kama mwonaji. Watu walisema ya kuwa amechukuliwa na Hongo, pepo wa majini mwenye umbo la nyoka, aliye mtumishi wa Bokero, mkuu wa pepo, ambaye makao yake yalisemwa kuwa Rufiji.

Jambo hilo halikuwa geni kwa watu wa nchi hizo. Katika Uluguru watu walimwendea Kolelo, nyoka mkubwa wa pangoni, wakimwomba mvua na mavuno. Kwa hiyo waliposikia habari za Ngarambe, hawakuuliza kama yuko nyoka wa namna hiyo, bali waliuliza safari hii ameleta nini.

Kinjikitile alijenga nyumba kubwa kwa ajili ya wazimu. Aliwafundisha watu ya kuwa waliokufa zamani watarudi, ya kuwa kabila zote ni watu wamoja, na ya kuwa Mdachi hatawaweza. Akawapa dawa: maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Mwenye kuinywa au kunyunyiziwa, risasi ikimfikia itageuka kuwa maji. Neno hilo lilienea kwa kunong'onezana, kijiji kwa kijiji, na watu wakaja Ngarambe makundi kwa makundi. Watu ambao baba zao walipigana na kuchukuana watumwa walisimama pamoja katika njia moja, wakingojea maji yale yale. Naye akawaamuru warudi makwao na kuwatumikia Wadachi kwa utulivu mpaka atakapowaambia.

Lakini neno likiisha kutoka kinywani halirudishwi. Wamatumbi walichoka kungoja. Katika mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete waliing'oa pamba, na vita vikaanza pasipo amri yake. Wadachi walimkamata Kinjikitile, wakamnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Yasimuliwa ya kuwa alipoletwa kwenye kifo chake hakutetemeka, akawaambia wauaji wake ya kuwa kumwua hakutafaa kitu, kwa sababu dawa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge.

Naye alisema kweli. Mto Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo ndipo uanzapo mto uitwao Rufiji. Basi maji yapitayo Ifakara ndiyo hayo hayo yafikayo katika nchi ya Bokero. Sasa maji ya Bokero yalipanda kurudi bondeni, yakichukuliwa na wajumbe walioitwa kwa jina la Hongo mwenyewe. Wambunga wa Ifakara na Wapogoro wa Mahenge waliyapokea. Mwezi huo huo wa Agosti kambi ya askari iliyokuwa Ifakara ilishambuliwa, ikaangamizwa. Walioinywa dawa wakaona ya kuwa ni kweli, kwa maana wameshinda. Tena aliyeileta alikuwa amekwisha kufa.

Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu wakaiendea boma ya Mahenge, aliyokuwamo Kapteni von Hassel na askari wake. Walikwenda wazi, bila kujificha, kwa kuwa risasi ni maji. Ndani ya boma zilikuwamo bunduki za bombom. Wa mbele wakaanguka, walio nyuma wakadhani ya kuwa wenzao wamevunja mwiko wa dawa, nao wakaendelea, wakaanguka juu yao. Mwezi wa Septemba Kapteni Nigmann akafika kutoka Iringa na jeshi, akaiokoa boma. Siku hizo hizo, huko Ubena, kituo cha Yakobi cha Misioni ya Berlin kilishambuliwa, maana mtu aliyepigwa katika shamba la pamba hakuona tofauti kubwa kati ya Mdachi wa serikali na Mdachi wa kanisa.

Kisha yakaja yaliyo mabaya kuliko risasi. Serikali iliamuru vyakula vichomwe na ghala za mbegu ziharibiwe, ili njaa imalize kazi ya askari. Vita vilidumu mpaka mwaka 1907. Serikali yenyewe ilihesabu wafu kuwa 75,000. Wachunguzi wa baadaye wametaja watu 250,000 na zaidi, walio wengi wao kwa njaa. Vijiji vingi vikarudi kuwa pori, na nguruwe na tembo wakakaa mahali pa watu.

Je, tuseme nini juu ya Kinjikitile? Wako waliomwita mdanganyifu, na wako wamwitao shujaa. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile, na kwa mchezo huo wanafunzi wengi wamelijua jina lake. Sisi twaona yapasa kuyatenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kilio chake. Kilio hicho kilikuwa cha haki. Wana wa Israeli walilia chini ya kazi za Farao, na Mungu hakuwaambia ya kuwa wanakosa kwa kulia. Hata Wadachi wenyewe, baada ya vita, waliikomesha ile pamba ya shuruti. Tena aliwaunganisha watu ambao hakuna sultani aliyeweza kuwaunganisha, na jambo hilo halikufa pamoja naye. Mkristo asiyeweza kusikitika juu ya wale waliolala mbele ya boma ya Mahenge, na ajihoji moyo wake.

La pili ni ngao aliyowapa. Hapo ndipo twamrudia Lewiathani. Maandiko hayacheki hofu ya watu wala hayasemi ya kuwa vilindi ni vitupu. Ayubu aonyeshwa ya kuwa Lewiathani hakamatwi kwa ndoana ya mtu ye yote. Zaburi ya 104 yamtaja kuwa kiumbe ambaye Mungu alimwumba acheze baharini. Isaya aeleza ya kuwa siku itakuja Bwana atakapomwua kwa upanga. Tazameni basi: katika mahali pote hapo yeye ni kiumbe chini ya Mwumba wake, na hakuna hata mahali pamoja ambapo watu waambiwa waende kwake kutafuta kinga. Hata nyoka wa shaba, ambaye Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu, mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande, watu walipokuwa wakimfukizia uvumba. Ikiwa nyoka aliyeamriwa na Mungu alivunjwa, si zaidi nyoka wa ziwa la Ngarambe?

Ndugu, neno hili si la wazee peke yao. Mwenye taabu hunywa maji yo yote atakayopewa, na watoaji hawajakoma: hata leo wako wauzao maji na mafuta, wakiahidi kinga ya magonjwa, ya ajali na ya adui, nao hulitumia jina la Bwana wetu. Mgonjwa akaacha dawa ya hospitali kwa ajili ya chupa hiyo, naye amekwenda wazi mbele ya bunduki kama wale wa Mahenge. Basi tusiwacheke babu zetu. Na tukimwona jirani aikimbilia chupa, tumwulize kwanza ni taabu gani iliyomsukuma, tuichukue pamoja naye. Kwa maana kama mtu angalikisikia mapema kilio cha mashamba ya pamba, labda yale maji ya Ngarambe yasingalipata mnywaji.