John Boyd Dunlop: Mtu Aliyetia Upepo Ndani ya Tairi

Huenda umepata kupanda pikipiki ya abiria. Huenda wewe mwenyewe ni dereva wa bodaboda, au una kijana wako anayeifanya kazi hiyo. Pikipiki hizi ziko vijijini na ziko mjini. Kule Magomeni, Dar es Salaam, utaziona zimejipanga kwenye kona za mitaa, zikingoja watu wa kwenda Kigogo, Mwananyamala na Manzese.

Pikipiki inapokwenda hugusa ardhi mahali pawili tu: chini ya gurudumu la mbele na chini ya gurudumu la nyuma. Kila mahali hapo si papana kuliko kiganja cha mkono wako. Juu ya viganja hivyo viwili wamekaa dereva, abiria na mzigo. Kwa hiyo mtu anayenunua tairi jipya ananunua usalama wa watu. Lazima ajue kuchagua.

Katika somo hili utasoma maisha ya mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye matairi mengi duniani. Kisha utaona jinsi kazi yake inavyokufundisha kuchagua tairi la pikipiki ndogo.

MTOTO WA MKULIMA

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na tangu utoto aliambiwa aitunze afya yake. Maisha yake yote alikuwa mtu wa tahadhari.

Alipenda wanyama. Alisomea udaktari wa mifugo katika mji wa Edinburgh, akahitimu akiwa kijana wa miaka 19 hivi. Mwaka 1867 alihamia Ireland. Huko alifungua kazi yake ya kutibu wanyama katika mji wa Belfast. Kazi ikakua. Alitibu farasi wengi, kwa sababu wakati huo farasi ndio waliovuta magari ya mizigo na ya abiria.

Angalia jambo hili, ndugu msomaji. Dunlop hakuwa fundi wa magurudumu. Alikuwa daktari wa mifugo. Lakini alikuwa na macho ya kuona shida, na mikono ya kujaribu.

BAISKELI YA MTOTO

Wakati ule magurudumu ya baiskeli yalikuwa na mpira mgumu, mzima, usio na upepo ndani. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe. Aliyepanda baiskeli alitikiswa mwili mzima.

Dunlop alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Mtoto alitaka baiskeli yake iende kwa urahisi na kwa kasi kuliko za wenzake. Mwaka 1887 baba akaanza kufikiri.

Alichukua kipande cha ubao cha mviringo. Akatengeneza bomba la mpira mwembamba, akalizungushia ubao ule. Akalifunika kwa kitambaa cha kitani, akakipigilia misumari kwenye ubao. Kisha akalijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu.

Je, alitosheka hapo? La. Alitaka kuona kwa macho. Alichukua gurudumu lenye mpira mgumu, akalisukuma uani. Lilibingirika kidogo, likaanguka. Kisha akasukuma gurudumu lake lenye upepo. Lilikwenda mbali zaidi, mpaka likagonga mwisho wa ua. Hapo alijua kwamba upepo hubeba mzigo vizuri kuliko mpira mgumu. Mwanzoni mwa mwaka 1888 alifunga matairi ya upepo kwenye baiskeli ya mwanawe.

WATU WALICHEKA

Mwaka huohuo wa 1888 Dunlop alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Lakini watu walipoyaona matairi yale manene walicheka. Waliona ni kitu cha ajabu.

Mwaka 1889 mpanda baiskeli mmjoa wa Belfast, Willie Hume, alikwenda kwenye mashindano akiwa na matairi ya Dunlop. Alishinda. Baadaye alivuka bahari, akashinda na huko Liverpool, Uingereza. Kicheko kikaisha. Wapanda baiskeli wa mashindano wakayataka matairi ya upepo.

Mfanyabiashara mmoja wa Dublin, Harvey du Cros, aliliona jambo hili. Aliungana na Dunlop, na mwaka 1889 wakaanzisha kampuni ya kutengeneza matairi hayo.

JINA LILIBAKI, MALI ILIKWENDA

Mwaka 1890 likatokea jambo zito. Iligundulika kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata hati ya tairi la upepo tangu mwaka 1845. Tairi la Thomson lilikuwa zuri, lakini lilikuja mapema mno. Baiskeli hazijaenea bado, wala magari ya injini hayajakuwapo. Watu wakalisahau. Dunlop hakuwa na habari zake. Hata hivyo hati yake ilipoteza nguvu.

Kampuni haikufa. Ilinunua uvumbuzi wa watu wengine wawili, Welch na Bartlett, waliobuni tairi linaloweza kufunguliwa kwenye ringi na kurudishwa. Kabla ya hapo tairi lilibandikwa kwenye gurudumu, na kuziba pancha ilikuwa kazi kubwa. Kila fundi anayeziba pancha leo kando ya barabara ana deni kwa watu hao.

Dunlop mwenyewe alijitoa katika kampuni mwaka 1895. Mwaka uliofuata kampuni iliuzwa kwa pauni milioni tatu. Fedha hizo nyingi hazikuwa zake. Alikaa Dublin kwa utulivu, akiwa na sehemu katika biashara ya nguo. Alifariki tarehe 23 Oktoba, 1921, akiwa na umri wa miaka 81. Jina lake likaendelea kuandikwa kwenye matairi.

MPIRA NA AFRIKA

Uvumbuzi huu ulikuwa na upande wa huzuni, na sisi Waafrika tusiusahau. Baiskeli zilipoongezeka, mpira ulitafutwa kwa wingi. Katika nchi ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi mwaka 1908, wanavijiji walilazimishwa kugema mpira wa porini. Walioshindwa kuleta kiasi kilichotakiwa walipigwa, na wengine waliuawa au kukatwa mikono. Huku kwetu Wajerumani walifungua mashamba ya mpira sehemu za Tanga. Baadaye mpira mwingi ulitoka katika mashamba ya Asia.

NAWE USOME TAIRI

Dunlop alikuwa mtu wa kujaribu na kuhakikisha. Nawe fanya hivyo unaponunua tairi. Leo unajua kusoma maneno na tarakimu. Tairi nalo limeandikwa ubavuni. Basi lisome kabla ya kutoa fedha yako.

Kwanza, soma ukubwa. Tuseme tairi la nyuma limeandikwa 3.00-18. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi, yaani inchi 3. Ya pili ni kipimo cha ringi, yaani inchi 18. Tairi la ringi ya 17 haliingii kwenye ringi ya 18. Tairi pana kupita kiasi huweza kusugua mnyororo au mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Fuata ukubwa uliowekwa na kiwanda cha pikipiki. Mara nyingi tairi la mbele ni jembamba kuliko la nyuma. Usiyabadilishane.

Pili, soma uzito. Baada ya ukubwa utaona alama kama 52P. Tarakimu 52 maana yake tairi hilo linaweza kubeba kilo 200. Herufi P maana yake limetengenezwa kuhimili mwendo usiozidi kilometa 150 kwa saa. Hiyo si ruhusa ya kukimbia! Pikipiki yenyewe ina uzito, dereva ana uzito, abiria ana uzito. Ukipakia mshikaki, yaani abiria wawili au zaidi, tairi hulemewa.

Tatu, soma umri. Tafuta tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara kirefu. Tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani. Ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, liache.

Nne, tazama mshale. Matairi mengi yana mshale ubavuni. Gurudumu lizunguke kuufuata mshale huo. Mwambie fundi, kisha uhakikishe mwenyewe.

Tano, jihadhari na tairi kuukuu. Wako watu wanaochonga mifereji mipya kwenye tairi lililokwisha. Kwa nje laonekana zima, lakini mpira uliobaki ni mwembamba mno. Bei ni ndogo, hatari ni kubwa.

TAIRI ZA MASHINDANO

Vijana wengi hupenda tairi za mashindano. Ni kweli zinapendeza. Mpira wake ni laini na hushika vizuri lami kavu, hasa pikipiki inapolala kwenye kona. Lakini mpira laini huisha upesi. Tena nyingi zina mifereji michache.

Mifereji ina kazi. Maji ya barabarani hupita humo yakatoka chini ya tairi, ili mpira uiguse lami. Kutoka Magomeni kwenda Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro, unavuka bonde la Jangwani lenye mto Msimbazi. Mvua kubwa zimekuwa zikilifurisha bonde hilo, na maji yakipungua hubaki tope na mchanga juu ya lami. Huko kijijini barabara nyingi ni za vumbi na changarawe. Mahali kama hapo tairi la mashindano huteleza.

Basi jiulize unapita wapi. Anayekaa juu ya lami wakati wote anaweza kuchagua tairi lenye mifereji ya kawaida na mpira imara. Anayepita lami na vumbi achague tairi lenye meno ya wastani. Anayeshinda kwenye tope achague lenye meno makubwa, ila akumbuke kwamba meno makubwa hushika lami ya maji kwa shida.

Ukifunga tairi jipya, funga na tyubu mpya kama pikipiki yako inatumia tyubu. Jaza upepo kwa kipimo cha kiwanda cha pikipiki, na ukipime tairi likiwa baridi. Kilometa 100 hivi za mwanzo nenda polepole, kwani tairi jipya huteleza. Baadaye tazama vinundu vidogo ndani ya mifereji. Mpira ukiisha mpaka ukawa sawa na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Usingoje liwe kipara.

Ndugu msomaji, Dunlop alimfikiria mtoto mmoja juu ya barabara ya mawe. Wewe mfikirie mama mjamzito unayempeleka kliniki, au mwanao anayekungoja jioni. Fedha ya tairi zuri ni nyingi, lakini gharama ya mguu uliovunjika ni kubwa zaidi.

MASWALI

1. Dunlop alikuwa na kazi gani kabla ya kutengeneza tairi?
2. Alihakikishaje kwamba gurudumu lenye upepo ni bora?
3. Kwa nini watu waliacha kucheka matairi yake?
4. Tairi limeandikwa 2.75-17. Eleza maana ya kila tarakimu.
5. Tairi limeandikwa 4022. Lilitengenezwa lini?
6. Nenda na wenzako kwenye pikipiki iliyo karibu. Someni tairi la mbele na la nyuma, mwandike mliyoyaona. Kisha jadilini: je, matairi hayo yanafaa kwa barabara za kijiji chenu?