Adrian Atiman: Alikombolewa, Akaenda Kuwatibu Wengine



Wapendwa vijana, siku hizi ukipanda treni ya umeme Dar es Salaam, hata hujamaliza kuchati umeshafika Dodoma. Safari ijayo, mkishapita Kilosa, hebu weka simu pembeni uangalie nje. Nchi ile kavu yenye mibuyu ilikuwa barabara kuu ya zamani. Misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Mamboya na Mpwapwa, ikakatiza Ugogo hadi Kilimatinde, kisha Tabora. Ukitoka Mpwapwa kuingia Ugogo kulikuwa na nyika isiyo na maji ya kunywa, ikiitwa Marenga Mkali.

Wapagazi wengi wa njia ile, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo shingoni, wakipelekwa pwani kuuzwa. Aliyeishiwa nguvu aliachwa porini.

Mwaka 1888 kijana mmoja wa miaka ishirini na kitu alitua pwani yetu, akafuata njia ya misafara kuelekea bara. Alikuwa Mwafrika, alikuwa tabibu, na yeye mwenyewe aliwahi kuuzwa. Jina lake Adrian Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko, mwaka 1876, Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita pia Mapadre Weupe, walitoa fedha wakamkomboa. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers mwaka 1868.

Hapo tusiifanye hadithi tamu kuliko ilivyo. Fedha ile ilimtoa mtoto mmoja. Wengine waliokuwa sokoni walibaki, na mfanyabiashara alibaki na biashara yake. Na sisi Wakatoliki tuseme ukweli wetu pia: kwa karne nyingi walikuwepo Wakristo, hata mapadri na nyumba za watawa, waliomiliki watumwa. Papa Gregori XVI alilaani biashara hiyo mwaka 1839. Mei 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili juu ya utumwa, na mwezi huohuo Brazili ikaufuta kwa sheria. Mwaka huo huo Lavigerie, akiwa kardinali, alizunguka Paris, London na Brussels akiwaeleza watu wa Ulaya yale yaliyokuwa yanatendeka huku kwetu.

Wakati huo Atiman alikuwa amemaliza masomo. Lavigerie alikuwa amefungua chuo kisiwani Malta kwa ajili ya vijana Waafrika waliokombolewa, wasomee utabibu. Wazo lilikuwa kwamba Mwafrika mwenye ujuzi atawahudumia Waafrika wenzake kuliko mgeni yeyote. Atiman alisoma, akafaulu.

Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Una elimu, uko huru, ujana ndio huu. Ungeenda wapi? Wengi wetu tungesema tumeteseka vya kutosha, sasa ni zamu yetu kula maisha. Yeye alipanda meli kwenda Afrika Mashariki, nchi asiyoijua, yenye lugha asiyoijua, tena ambako watumwa walikuwa bado wananunuliwa. Mtu aliyewahi kutembezwa jangwani kama mali alikubali kuingia kwa miguu katika nchi ambayo wengine walikuwa wanatembezwa hivyohivyo.

Mwaka 1889 alifika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, leo ni mkoa wa Katavi. Pale palikuwa na ngome ya Wabelgiji iliyokabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885, na kuizunguka waliishi watu waliokombolewa au waliokimbia vita na utekaji. Atiman alianza kazi, na hakuondoka tena. Alitibu wagonjwa, akafundisha katekisimu. Alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa Kibende, na mtoto wao Yosefu akawa padri.

Angalia jambo moja: Atiman mwenyewe hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei, baba wa familia, mtu wa dawa na rozari. Kazi hiyo aliifanya kwa takribani miaka 67, wakapita Wajerumani, wakaja Waingereza, yeye yupo palepale. Alifariki Karema mwaka 1956, mzee wa miaka kama tisini.

Kuna kitu kingine ambacho darasani huenda kilikupita. Tunasoma kwamba soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, tunadhani mambo yaliishia hapo. Hapana. Zanzibar sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897. Huku bara Wajerumani walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Wazazi wao je? Tanganyika ilifuta utumwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Maana yake Atiman alitibu watu Karema kwa miaka 33 katika nchi ambayo mtu bado aliweza kuwa mali ya mtu mwingine. Hakusubiri sheria ikamilike ndipo aanze kumtendea jirani kama binadamu.

Na sisi? Sheria leo tunayo. Tangu 2008 Tanzania ina sheria dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Lakini sote tunajua binti anayetolewa kijijini, labda hapahapa Dodoma au Singida, akiahidiwa shule, akifika mjini anaamka saa kumi alfajiri, analala wa mwisho, mshahara wake "unatunzwa", na simu haruhusiwi kupiga nyumbani. Wakati mwingine nyumba hiyo ina picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Wakati mwingine ni nyumba yetu.

Kwa hiyo wiki hii, kazi ni ndogo ila ngumu. Mjue dada wa kazi wa nyumbani kwenu kwa jina lake kamili. Uliza ana miaka mingapi, kama analipwa, kama Jumapili anapata nafasi ya kusali, na lini aliongea na mama yake. Jibu likikuumiza, usikae kimya. Ongea na wazazi, na ikishindikana mwone paroko au ofisi ya ustawi wa jamii.

Tusali. Ee Bwana, ulimtoa mtumishi wako Adrian katika minyororo, naye akautumia uhuru wake kuwahudumia wagonjwa. Utufundishe kutoukalia uhuru wetu peke yetu. Utufumbue macho tumwone aliyefungwa karibu nasi, na utupe ujasiri wa kusema. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.