Wilfred Rhodes: Alicheza Testi akiwa na miaka 52, akapofuka, lakini kriketi hakuiacha

Wiketi 4,204. Hiyo ndiyo hesabu aliyoiacha Mwingereza Wilfred Rhodes kwenye kriketi ya daraja la kwanza, na mpaka leo hakuna aliyeifikia. Anayemfuata, Tich Freeman wa Kent, aliishia 3,776.

Kama hufuatilii kriketi, wiketi moja maana yake ni mpigaji mmoja katolewa. Yaani Rhodes aliwatoa wapigaji zaidi ya elfu nne, na wala hakuwa mtu wa kasi. Alikuwa mrushaji wa spini: mpira unakuja taratibu, unatua chini, halafu unakata kona.

Lakini ukiangalia maisha yake vizuri, wiketi ni nusu tu ya habari. Jamaa alilazimika kuanza upya mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa gizani.

Kijana wa karakana ya treni

Rhodes alizaliwa Oktoba 29, 1877 katika kijiji cha Kirkheaton, karibu na Huddersfield, kwenye jimbo la Yorkshire. Ujanani alifanya kazi kwenye karakana ya treni huko Mirfield. Inasimuliwa kwamba siku moja aligonga kengele ya kumaliza zamu kabla ya muda ili awahi mechi. Kibarua kikaota nyasi.

Bahati yake ilitokana na anguko la mwenzake. Mwaka 1897 Yorkshire ilimfukuza mrushaji wake mkubwa wa mkono wa kushoto, Bobby Peel, kwa sababu ya ulevi. Nafasi ikawa wazi. Mwaka 1898 Rhodes, naye wa mkono wa kushoto, akaingia na kuchukua wiketi 154 katika msimu wake wa kwanza. Mwaka 1900 alichukua 261.

Timu ya taifa ya England ilimwita Juni 1899 dhidi ya Australia, uwanja wa Trent Bridge. Hiyo ilikuwa Testi ya mwisho ya nguli W.G. Grace. Mzee anatoka, kijana anaingia.

Mwaka 1902 huko Birmingham, Rhodes alichukua wiketi 7 kwa mikimbio 17 tu, Australia ikatolewa kwa mikimbio 36. Mwaka huohuo kwenye uwanja wa Oval, yeye na George Hirst, ambaye naye ni mtoto wa Kirkheaton, walikuwa jozi ya mwisho huku zikihitajika mikimbio 15. Wakazipata, England ikashinda kwa wiketi moja. Hadithi ya kwamba walikubaliana kuzichukua moja moja imesimuliwa sana, ingawa Rhodes mwenyewe aliikana.

Kutoka namba 11 hadi namba moja

Kwenye kriketi, namba 11 ni ya yule asiyejua kupiga, na Rhodes alianzia huko huko chini. Lakini polepole akajifunza na kupanda.

Februari 1912 mjini Melbourne alifungua mchezo pamoja na Jack Hobbs, na wawili hao wakaweka mikimbio 323 kabla ya kutenganishwa. Rhodes alipata 179, Hobbs 178. Kwa wakati huo urushaji wake ulikuwa umewekwa kando. Watu walishamwona mpigaji.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Major Booth, mrushaji wa Yorkshire, aliuawa kwenye mapigano ya Somme mwaka 1916. Mwenzake Alonzo Drake alifariki kwa maradhi mwanzoni mwa 1919. Kriketi iliporudi, Yorkshire ilikuwa haina warushaji. Rhodes, akiwa na umri wa miaka 41, akaushika mpira tena. Msimu huo wa 1919 alichukua wiketi 164.

Aitwa tena akiwa na miaka 48

Agosti 1926, England na Australia zilikuwa zimetoka sare mara nne. Ashes zilikuwa mikononi mwa Australia tangu msimu wa 1920-21, na sasa ilibaki mechi moja, pale Oval.

Rhodes alikuwa kwenye kamati ya kuchagua timu. Kumbe jina lililotakiwa lilikuwa lake mwenyewe. Akaingia uwanjani akiwa na miaka 48, akachukua wiketi 2 awamu ya kwanza na 4 kwa mikimbio 44 awamu ya pili. Australia ikatolewa kwa 125, Ashes zikarudi England.

Testi yake ya mwisho aliicheza Aprili 1930 mjini Kingston, Jamaica, akiwa na miaka 52 na siku 165. Hakuna aliyewahi kucheza Testi akiwa mzee kuliko yeye. Tangu ile ya kwanza, ilikuwa imepita miaka 30.

Unahodha haukuwa wa watu kama yeye

Pamoja na akili yote hiyo ya mchezo, Rhodes hakuwahi kuteuliwa nahodha wa Yorkshire. Enzi zake wachezaji waligawanywa kitabaka: waungwana waliocheza kwa kujifurahisha, na wafanyakazi waliolipwa. Cheo kilikwenda kwa waungwana. Mtoto wa kijijini aliyetokea karakana alilipwa, alishinda mechi, akapokea amri.

Heshima ilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1949 klabu ya MCC, iliyosimamia mchezo huo, iliwapa uanachama wa heshima wachezaji kadhaa wa zamani waliokuwa wakilipwa. Rhodes alikuwa mmoja wao, na alishavuka miaka 70.

Macho yakazima, masikio yakabaki

Baada ya kustaafu alikwenda kufundisha kriketi shule ya Harrow. Huko macho yakaanza kufifia kwa presha ya macho. Kufikia mwaka 1952 alikuwa kipofu kabisa.

Wengi wangekaa nyumbani. Rhodes aliendelea kwenda viwanjani, akakaa kati ya watu na kuufuata mchezo kwa kusikiliza. Mlio wa mpira kwenye gongo ulimpa picha ya pigo lilivyokuwa. Waliokaa naye walishangaa jinsi alivyojadili mechi kama mtu anayeiona, na jinsi alivyokumbuka mipira aliyoirusha nusu karne nyuma.

Miaka yake ya mwisho aliishi kwa binti yake, kusini mwa England. Alifariki Julai 8, 1973 akiwa na umri wa miaka 95.

Aliacha mechi 1,110 za daraja la kwanza, mikimbio zaidi ya 39,000, na misimu 23 ambayo kila mmoja alichukua wiketi 100 au zaidi. Mechi ndefu zimepungua sana siku hizi, kwa hiyo hizo 4,204 hazina wa kuzifukuzia.