Shaaban Robert: Karani aliyeshusha falsafa hadi kwa msomaji wa kawaida

Washtakiwa wengi hufikishwa kortini kwa kuvunja sheria. Karama, mhusika mkuu wa riwaya ya Kusadikika, alishtakiwa kwa kutaka wananchi wafunzwe sheria. Kwa kisa hicho, marehemu Shaaban Robert alimwekea msomaji wa kawaida suala ambalo wanafalsafa wameliandikia majuzuu: je, mtu anawezaje kutii haki asiyoruhusiwa kuijua?

Mwandishi huyo alizaliwa mwaka wa 1909 karibu na mji wa Tanga. Hakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha hadi 1944. Baadaye alihudumu katika idara ya wanyamapori na ofisi za serikali mjini Tanga.

Mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuwa na nafasi ya kuikosoa waziwazi. Labda ndiyo sababu nchi ya Kusadikika, katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1951, iko angani. Humo, Waziri Majivuno anamshtaki Karama, naye Karama hajitetei kwa nadharia. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirejea na mapendekezo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alitupwa gerezani. Siku zinavyosonga, kizimba kinahama: wanaohukumiwa sasa ni watawala. Mwishowe Karama anaachiliwa huru, na wajumbe nao wanafunguliwa.

Wahakiki wamelalamika kwamba wahusika wake ni sifa zilizovishwa kanzu. Ni kweli, Majivuno hana la kuficha. Hata hivyo, msomaji aliyelelewa kwa ngano hahitaji istilahi ngumu ili amtambue kiongozi wa namna hiyo, na pengine amewahi kumpigia kura.

Katika Utubora Mkulima, swali ni maisha mema ni yapi. Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini akaenda kulima shamba, na majirani wanabaki kumshangaa.

Kitabu hicho hakikumfikia msomaji wakati wa uhai wa mwandishi. Kilichapishwa mwaka wa 1968, mwaka mmoja baada ya Kufikirika. Shaaban Robert alikuwa amefariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Tanganyika kujinyakulia uhuru.