Padre Horner Aliyewafuata Watoto

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hupita Kerege. Mwisho wa safari yake huyakuta majengo ya misioni ya kale, na wengi huyatazama wasijue yalijengwa kwa ajili ya nani. Yalijengwa kwa ajili ya watoto. Twaona inafaa leo kumkumbuka Padre Anton Horner, aliyeianzisha kazi ile.

Horner alizaliwa Alsace, Ufaransa, mwaka 1827. Akiwa padre wa Shirika la Roho Mtakatifu alifanya kazi kwanza katika kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 alifika Unguja, akaipokea misioni iliyofunguliwa mwaka 1860 na Padre Fava pamoja na masista waliotoka Réunion. Siku zile soko la watumwa lilikuwa wazi mjini. Watoto waliletwa humo kutoka bara, wengine wakiwa wagonjwa na dhaifu mno. Wamisionari waliwakomboa wale walioweza, wakawatibu, wakawafundisha kusoma na kufanya kazi za mikono.

Punde Horner alitambua kwamba nyumba ya Unguja haitoshi. Misafara ya bara ilikomea Bagamoyo. Basi mwaka 1868 alivuka bahari, akaweka misioni pale pale njia ilipoishia. Hakungoja watoto wamfikie; aliwafuata. Yakafunguliwa mashamba, shule na karakana. Vijana walipokua na kuoana walipewa nyumba na shamba katika kijiji kilichoitwa cha Uhuru, ili wao nao wawe na jamaa.

Taabu hazikukosa. Mwaka 1872 tufani kuu iliyabomoa majengo, nayo kazi ikaanzwa upya. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la Unguja, lakini biashara ile haikufa siku moja, na nyumba ya watoto iliendelea kuhitajiwa. Mwaka 1877 Horner aliongoza safari ya kuanzisha misioni ya Mhonda, bara. Afya yake ikavunjika, akarudi Ulaya, akafariki Cannes mwaka 1880.

Hatusemi kwamba kazi yake haikuwa na doa. Fedha za kuwakomboa watoto ziliingia mikononi mwa wafanya biashara wale wale, na maisha ya misioni yalikuwa na amri kali. Tena liko jambo moja zito zaidi. Misioni iliweza kumpa mtoto chakula, dawa na ufundi. Haikuweza kumrudishia mama yake. Msaada ulimfikia baada ya kunyang'anywa jamaa zake.

Hapo ndipo twapata fundisho letu. Leo mama wa Kerege aweza kuwa na mtoto asiyesikia, au aliyepigwa, au asiyetunzwa na baba yake, naye asijue mlango wa kubisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto, na kila ajuaye kwamba haki ya mtoto yavunjwa yampasa kutoa taarifa huko. Wako maafisa ustawi wa jamii katika halmashauri. Polisi wana dawati la jinsia na watoto. Iko simu ya watoto, namba 116, isiyo na malipo. Lakini msaada usiojulikana ni kama kisima kilichofunikwa: mwenye kiu hupita juu yake.

Tena mara nyingi mama huyu huambiwa nenda kule, na kule huambiwa rudi ulikotoka, mpaka nauli ikamwishia na moyo ukakata tamaa. Huko ni kumngoja mtoto afike, wala si kumfuata.

Basi, wazazi, walimu, wenyeviti wa vijiji na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, twawaomba neno moja. Mjue afisa ustawi wa jamii wa kwenu ni nani na ofisi yake iko wapi. Mkimwona mama amekwama, msimwelekeze kwa kidole tu. Mfuatane naye hadi mlangoni. Horner alivuka bahari kuwafuata watoto waliokwisha kupotezwa na jamaa zao. Sisi yatupasa kuvuka ua wa jirani tu, na mtoto angali mikononi mwa mama yake.