Cajal: Mhispania aliyeinamia ubongo wa nzi

NZI wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi pale mpakani, upande wa Mugina na hata ule wa Manyovu, ni kero kwa mwenye bidhaa. Mfanyabiashara huwapunga kwa kipande cha boksi, kisha huendelea kuhesabu mikungu yake. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na kila niwaonapo humkumbuka mzee mmoja wa Hispania, hayati Santiago Ramón y Cajal.

Nilianza kumsoma kwa sababu ya shida yangu mwenyewe. Nilizaliwa Mishamo, Tanzania, mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Tuliporudi Burundi mwaka 2008, shule ya kwanza niliyoomba kazi ilinijibu kwamba bila Kifaransa sifai kusimama mbele ya darasa. Mwaka mzima nilikaa nyumbani, seli naijua na sina wa kumfundisha. Wengi tuliorudi mnaijua hali hiyo.

Cajal alizaliwa Mei 1, 1852, katika kijiji cha Petilla de Aragón. Baba yake, Justo Ramón, alianza na kazi ya kinyozi na mtibabu wa vijijini, akajisomesha hadi akawa daktari kamili. Mtoto alitaka kuwa mchoraji, mzee hakutaka hata kusikia. Alipofikisha miaka 11 alitengeneza mzinga, akalitoboa lango jipya la jirani, akafungiwa mahabusu siku kadhaa. Baba yake aliona ni sawa tu. Baadaye mtundu huyo alipelekwa kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu, ili akili imkae.

Kilichomrudisha masomoni ni mifupa. Mwaka 1868 baba yake alimpeleka makaburini kukusanya mifupa ya kujifunzia, na kijana akagundua kwamba kuchora, jambo alilochapwa kwa ajili yake, sasa kuna kazi. Alihitimu udaktari mwaka 1873 huko Zaragoza. Mwaka uliofuata jeshi lilimpeleka Cuba, akarudi mwaka 1875 amekonda kwa malaria. Kwa akiba ya mshahara wa jeshini alinunua hadubini yake ya kwanza, akiilipia kidogo kidogo. Kipindupindu kilipoingia Valencia mwaka 1885 aliuchunguza ugonjwa huo, na serikali ya jimbo la Zaragoza ikamshukuru kwa kumpa hadubini bora zaidi ya Zeiss. Hiyo ndiyo aliyofanyia mambo makubwa.

Siku zile ubongo ulikuwa fumbo. Chini ya hadubini ulionekana kama kichaka kilichosongamana, tawi hili huwezi kujua ni la mti upi. Mwitaliano Camillo Golgi alikuwa amegundua njia ya kutumia madini ya fedha ambayo huzipaka seli chache rangi nyeusi, kutoka shina hadi ncha za matawi, na kuziacha nyingine zote bila rangi. Cajal alionyeshwa vipande hivyo mjini Madrid mwaka 1887, nyumbani kwa daktari Luis Simarro. Akarudi akaiboresha njia hiyo, akiwatumia wanyama wachanga na vifaranga ambao bado hawajatoka mayaini, maana kwao kichaka bado ni kichanga.

Golgi aliamini neva zote ni wavu mmoja ulioungana. Cajal aliona jambo jingine, kwamba kila seli ya neva inajitegemea, na zinagusana bila kuungana. Darasani nawaeleza vijana kwamba ni kama wabebaji wa mpakani. Mmoja anafika na gunia, anamkabidhi mwenzake, kila mtu anabaki na mwili wake.

Lakini nani angemsikia? Alikuwa Barcelona, anaandika kwa Kihispania, lugha ambayo wakubwa wa sayansi wa Ujerumani hawakuisoma. Mei 1888 akaanzisha jarida lake mwenyewe, nakala 60 tu, kwa fedha za mfukoni. Nyumbani mkewe, Silveria, alikuwa na watoto wa kulisha. Mimi namheshimu mama huyo kuliko maprofesa wengi.

Mwaka 1889 alifunga safari hadi Berlin, kwenye mkutano wa wataalamu wa anatomia, akiwa amebeba vipande vyake vya kioo. Kifaransa chake kilikuwa cha kuunga unga. Alipanga hadubini mezani, akawaomba watu waangalie. Mzee Albert von Kölliker, mtaalamu aliyeheshimika kuliko wote pale, alitazama, akasadiki. Halafu, akiwa na miaka zaidi ya 70, akajifunza Kihispania ili amsome. Mahali hapa huwa nakisimamisha kitabu kidogo.

Mwaka 1906 Cajal na Golgi walipewa Tuzo ya Nobel pamoja. Golgi akaitumia hotuba yake kuishambulia hoja ya mwenzake.

Cha nzi kilikuja mwishoni. Mwaka 1915, akiwa na miaka 63, Cajal alitoa pamoja na Domingo Sánchez kazi kubwa juu ya macho na ubongo wa wadudu, wakiwemo nzi na nyuki. Alitarajia kukuta mambo mepesi. Akakuta seli za kila sura, zimepangwa tabaka kwa tabaka kwa ufundi uliomduwaza. Aliona kwamba jicho la mnyama mkubwa, likiwekwa kando ya lile la mdudu, ni kama saa ya ukutani mbele ya saa ndogo ya mfukoni.

Alichoweza kuona ni sura. Kwa nini seli hii iwe na matawi marefu na jirani yake mafupi, hadubini haikumwambia. Jibu linapatikana sasa. Nzi wa matunda ana jeni zipatazo 14,000, na kila seli yake inazo zote. Ni kitabu kilekile katika kila nyumba, ila kila nyumba hufungua kurasa zake. Mwaka 2018 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walitoa ramani ya ubongo wa nzi kwa kusoma, seli moja moja, ni jeni zipi zilizofunguliwa, kuanzia nzi kijana hadi mzee wa siku 50. Oktoba 2024 kundi jingine lilichapisha ramani kamili ya ubongo wa nzi jike mmoja: seli za neva 139,255, aina zaidi ya 8,400. Kichwa chenyewe ni kidogo kuliko mbegu ya ufuta.

Cajal alifariki Madrid, Oktoba 17, 1934, akiwa na miaka 82.

Nilijifunza Kifaransa usiku, kwa taa ya mafuta, na sasa nafundisha Makamba. Shule yetu ina lenzi moja ya mkono. Mwaka jana tuliweka ndizi ndani ya chupa, tukanasa nzi, kila mwanafunzi akachora jicho alivyoliona. Maelezo niliyaandika ubaoni kwa Kifaransa. Maswali waliniuliza kwa Kirundi, na wale waliotoka ng'ambo ya Tanganyika, kwa Kiswahili.