Ishirō Honda, askari aliyetoka vitani akatuletea Godzilla

Mwezi wa tatu mwaka 1946, askari mmoja wa Japani alikuwa njiani kurudi kwao kutoka China. Alikuwa na miaka 34. Vita ya pili ya dunia ilikuwa imemalizika miezi kama saba mbele, jeshi lake lilikuwa limeshindwa, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye kambi ya wafungwa wa vita. Safari yake ilipitia Hiroshima. Pale aliona kilichobakia cha mji ambao bomu moja tu liliuangamiza asubuhi ya tarehe 6 mwezi wa nane mwaka 1945.

Askari huyo ni Ishirō Honda. Miaka minane baadaye, yeye ndiye aliongoza filme ya kwanza ya Godzilla, ule mnyama mkubwa wa kutisha anayetoka baharini na kukanyaga mji wa Tokyo. Wengi wetu tunamjua Godzilla kwa filme za Marekani za siku hizi, zinazotengenezwa kwa kompyuta na kwa pesa nyingi. Wachache wanajua kwamba Godzilla wa kwanza alikuwa mtu ndani ya vazi la mpira, na kwamba filme yake ilikuwa maombolezo ya watu waliotoka vitani.

Sisi Wakongomani tuna sababu yetu ya kuijua historia hii. Sehemu kubwa ya uraniumu ambayo Wamarekani walitumia katika kazi ya kutengeneza mabomu yao ya kwanza ya atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga. Mwaka 1940, kampuni ya Wabelgiji Union Minière ilikuwa imekwisha kutuma New York tani zaidi ya 1,000 za madini hayo. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Kwa hiyo, moto ambao Honda aliona alama zake kule Hiroshima ulikuwa na mzizi wake hapa kwetu.

Mtoto wa hekalu

Ishirō Honda alizaliwa tarehe 7 mwezi wa tano mwaka 1911 katika kijiji cha Asahi, mkoa wa Yamagata, upande wa kaskazini wa kisiwa kikubwa cha Japani. Baba yake alikuwa kiongozi wa hekalu la dini ya Buddha. Ishirō alikuwa kitinda mimba katika jamaa ya watoto watano. Kaka yake mmoja, ambaye baadaye alikuwa daktari wa jeshi, alimzoeza kusoma magazeti ya sayansi, na mtoto akaanza kupenda mambo ya elimu hiyo.

Mwaka 1921 jamaa yote ilihamia Tokyo. Huko ndiko kijana aligundua sinema. Wakati ule filme hazikuwa na sauti. Mtu alisimama kando ya pazia na kueleza watazamaji kile kinachopita, akibadilisha sauti kwa kila mhusika. Hapa mashariki mwa Kongo kila mtu aliyeingia katika chumba cha video na kusikia filme ya kigeni ikitafsiriwa kwa Kiswahili anaelewa mara moja kazi hiyo ilivyokuwa. Honda alivutiwa sana na wasimulizi hao.

Alisomea sinema kwenye Chuo Kikuu cha Nihon, na mwaka 1933 akaingia kazini katika studio iliyokuja kuitwa Toho. Alianza chini kabisa, kama msaidizi. Mpango wake ulikuwa kupanda ngazi mpaka awe mwongozaji. Jeshi lilikuwa na mpango mwingine.

Miaka ya ujana ikaliwa na vita

Honda aliitwa jeshini akiwa bado mpya kazini. Mwezi wa pili mwaka 1936, maofisa wa kikosi chake walijaribu kupindua serikali pale Tokyo. Yeye hakushiriki, lakini kikosi chote kiliangaliwa kwa jicho baya na kutumwa mbali, Manchuria. Toka siku hiyo maisha yake yalikuwa ya kwenda na kurudi. Anarudi studio, anaanza kazi, kisha barua ya jeshi inafika tena. Mwaka 1939 alioa Kimi, ambaye pia alikuwa mfanyakazi wa studio. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka huohuo. Hata hivyo, muda haukupita aliitwa tena China.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo hatuwezi kuliruka, zaidi sana sisi wa Kivu na Ituri, tunaojua vita inavyofanya kwa miili ya wanawake. Kati ya mwaka 1940 na 1941, Honda alipewa kazi ya kusimamia nyumba mojawapo ambamo jeshi la Japani lilitumikisha wanawake kwa tamaa za askari. Hakuificha kazi hiyo. Mwaka 1966 aliandika juu yake katika gazeti moja la sinema la Japani, wakati ambapo wengi wa rika lake walikuwa wamenyamaza. Kuandika hakufuti kilichotendeka. Lakini mtu anayetaka kumjua Honda vizuri anapaswa kujua kwamba hakuitazama vita kutoka mbali. Alikuwa ndani ya jeshi lililoumiza wengine, kisha akarudi katika nchi iliyoumizwa.

Siku moja katika mapigano ya China, kombora lilianguka mbele yake na halikulipuka. Kisha mapigano alirudi mahali pale, akaliokota, akalibeba mpaka Japani. Kombora hilo lilikaa juu ya meza yake ya kazi mpaka siku aliyokufa. Na usiku, kwa miaka yote iliyofuata, ndoto za vita hazikumwacha.

Wakati yeye alikuwa vitani, wenzake walisonga mbele. Rafiki yake Akira Kurosawa, aliyeingia studio nyuma yake, aliongoza filme yake ya kwanza mwaka 1943. Honda alirudi akakuta amechelewa. Mwaka 1949 alikuwa msaidizi mkuu wa Kurosawa katika filme Stray Dog. Filme yake mwenyewe ya kwanza ya hadithi ilitoka mwaka 1951. Alikuwa na miaka 40.

Majivu juu ya wavuvi

Tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka 1954, Marekani ilijaribu bomu kubwa la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, katika bahari ya Pasifiki. Mashua ya uvuvi ya Japani, yenye watu 23, ilikuwa mbali na mahali palipokatazwa. Lakini bomu lilikuwa na nguvu kuliko walivyohesabu. Majivu meupe yalianza kuwaangukia wavuvi kama mvua. Walirudi nyumbani wagonjwa, na samaki wao walikuwa na sumu ya mionzi. Hofu ikaingia katika masoko ya samaki ya nchi nzima. Mwezi wa tisa, Aikichi Kuboyama, fundi wa redio wa mashua hiyo, alikufa.

Ni katika hali hiyo ambapo Tomoyuki Tanaka, msimamizi mmoja wa studio ya Toho, alijikuta bila filme. Mradi wake wa kupiga picha Indonesia ulikuwa umeanguka, na alihitaji kitu kingine haraka. Akawaza mnyama wa zamani sana, aliyelala chini ya bahari, akiamshwa na majaribio ya mabomu. Jina la mnyama kwa Kijapani ni Gojira, na linaunganisha majina mawili: gorila na nyangumi. Kazi ya kuongoza ilipewa Honda.

Fundi wa mbinu za picha alikuwa Eiji Tsuburaya. Yeye alikuwa amependa sana filme King Kong ya Wamarekani ya mwaka 1933, ambamo mnyama ni sanamu ndogo iliyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Njia hiyo ingechukua miaka. Studio ilitoa miezi tu. Tsuburaya aliamua kumvalisha mtu vazi la mnyama na kumtembeza juu ya mji mdogo uliotengenezwa kwa mbao na plasta, nyumba zake zikiwa zimepunguzwa mara 25.

Kwa Japani ya wakati ule, filme hiyo ilikuwa ya bei kali. Kwa Hollywood, zilikuwa pesa kidogo sana. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi. Mchezaji Haruo Nakajima alitembea humo chini ya taa kali, bila kuona vizuri, bila hewa ya kutosha, jasho likijaa ndani. Kuna siku alizimia. Mlio wa mnyama, unaojulikana sasa duniani kote, ulipatikana kwa kusugua nyuzi za zeze kubwa la besi kwa glavu ya ngozi.

Filme ya kucheka au ya kulia?

Mwongozaji mwingine angeifanya kuwa mchezo. Honda aliwaambia wafanyakazi wake kwamba yeyote asiyeamini hadithi hii ni afadhali aiache. Akaiongoza kama habari ya kweli ya msiba. Godzilla anapopita, tunaona hospitali iliyojaa majeruhi wamelala chini. Tunaona mtoto mdogo akipimwa mionzi na daktari anayetikisa kichwa. Tunaona mama ameketi kando ya njia, akikumbatia watoto wake wakati moto unakaribia, akiwaeleza kwamba hivi karibuni watakuwa pamoja na baba yao. Kwa watazamaji wa Japani ya mwaka 1954, baba huyo hakuhitaji maelezo. Ni mmoja wa wale waliokufa vitani, na karibu kila nyumba ilikuwa na wake.

Mwisho wa filme unamweka mwanasayansi mmoja, daktari Serizawa, mbele ya uamuzi mgumu. Amegundua silaha inayoweza kumuua Godzilla. Lakini anajua kwamba siku wakubwa wa dunia watakapoiona, wataitaka kwa kuuana. Anachoma karatasi zake zote, anashuka baharini na silaha yake, na anakufa pamoja na mnyama ili siri isibaki katika kichwa cha mtu yeyote.

Filme ilitoka tarehe 3 mwezi wa kumi na moja mwaka 1954. Watu zaidi ya milioni 9 walilipa kuiona. Wachambuzi wengine wa magazeti waliilaumu kwamba inatumia msiba wa nchi kwa kutafuta pesa. Mwaka 1956 ilifika Marekani ikiwa imekatwakatwa. Wamarekani waliingiza mchezaji wao, Raymond Burr, katika nafasi ya mwandishi wa habari, na mengi yaliyogusa bomu yakatolewa. Ndivyo sehemu kubwa ya dunia ilikuja kumjua Godzilla: mnyama wa mpira wa kuchekesha, bila Hiroshima na bila wavuvi.

Pesa zinapungua, kazi inaendelea

Honda aliendelea na njia hiyo. Alitengeneza Rodan mwaka 1956, The Mysterians mwaka 1957, Mothra mwaka 1961, kisha King Kong vs. Godzilla mwaka 1962. Katika nyingi, wazo lilikuwa moja: mataifa yanashindwa hatari yakigawanyika, na yanaishinda yakikaa pamoja.

Televisheni ilipoingia katika nyumba, watu walianza kuacha sinema na studio ikapunguza pesa. Godzilla akageuzwa kuwa rafiki wa watoto, jambo ambalo Honda hakulifurahia. Mwaka 1969 alipewa filme ambayo ilibidi itumie tena vipande vya filme za zamani. Tsuburaya alikuwa mgonjwa, na akafariki mwezi wa kwanza mwaka 1970. Hata kwa mabaki hayo Honda alitafuta kitu cha kusema. Alisimulia habari ya mtoto anayebaki peke yake nyumbani kwa sababu wazazi wote wako kazini, na anayeonewa na watoto wenzake. Filme yake ya mwisho ya Godzilla, ya mwaka 1975, ilipata watazamaji wachache kuliko zote zilizotangulia.

Uzee wake haukuwa wa kusahaulika. Kuanzia filme Kagemusha ya mwaka 1980, Honda alirudi kumsaidia rafiki yake Kurosawa, na walifanya kazi pamoja katika filme tano. Katika Dreams, ya mwaka 1990, ofisa aliyetoka vitani anapita katika njia ya chini ya mlima na kukutana na askari wake wote waliokufa. Wamejipanga mbele yake, hawajui kwamba wamekufa. Msaidizi aliyesimama nyuma ya Kurosawa wakati wa kazi hiyo alijua vita ya China kwa miguu yake mwenyewe.

Ishirō Honda alikufa Tokyo tarehe 28 mwezi wa pili mwaka 1993, akiwa na miaka 81.

Leo filme ya mwaka 1954 inaonyeshwa tena ikiwa nzima, bila kukatwa, kwa rangi nyeusi na nyeupe, na inadumu saa moja na dakika 36. Anayeitazama anaona haraka kwamba vazi ni la mpira na nyumba ni za plasta. Anaona pia mama na watoto wake kando ya njia. Katika maneno ya mwisho ya filme, mzee mmoja mtaalamu wa wanyama wa zamani anawaza kwamba Godzilla huyu hakuwa peke yake, na majaribio ya mabomu yakiendelea, mwingine atatokea mahali fulani duniani. Sisi tunaokaa juu ya madini ambayo wengine wanayapigania tungefanya vizuri kuiangalia mpaka dakika hiyo ya mwisho.